Mguu mmoja umevimba baada ya upasuaji wa uzazi: je, ni donge la damu, na je, ndilo lililosababisha baba mdogo akatwe mguu?

Kijana wa Nansio aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Ninaandika nikiwa kisiwani Ukerewe, na ninaomba ushauri wa wenye taaluma ya tiba pamoja na wale waliowahi kupatwa na jambo kama hili.

Mdogo wangu wa kike alijifungua kwa upasuaji mjini Mwanza, akakaa kwa ndugu zetu Buzuruga mpaka alipopata nafuu, kisha akavuka na meli kurudi huku kwa mume wake. Kidonda kinakauka vizuri na mtoto ananyonya bila shida. Sasa yumo katika wiki ya tatu tangu ajifungue, na tangu juzi mguu wake wa kushoto umevimba kuanzia kwenye kigimbi hadi pajani. Ngozi imevutika, ina joto, rangi yake imebadilika kidogo, na kila anapokanyaga husikia maumivu makali ya kubana. Mguu wa kulia hauna tatizo lolote. Zahanati tuliyokwenda ilimpa vidonge vya maumivu na kutueleza kwamba miguu kuvimba ni jambo la kawaida kwa mzazi.

Mama mkwe wake, ambaye anampenda na ana nia njema kabisa, anaamini kwamba amekanyaga kitu alichotegewa, na amekwisha kumtafuta mtu wa kuja kumchua kwa mafuta na kumchanja chale. Nimewaomba wasubiri kwanza.

Kinachoniongezea hofu ni kwamba baba yetu mdogo, aliyekuwa mvuvi, alikatwa mguu miaka ya nyuma, nasi tukaelezwa kwamba damu iliganda kwenye mshipa. Lakini mguu wake haukuvimba hata kidogo. Ulikuwa wa baridi, umepauka, na maumivu yalimwanza ghafla alipokuwa akitandaza nyavu ufukweni. Je, huu ni ugonjwa uleule? Je, upo katika ukoo wetu? Na je, ni kweli kuchua kunaweza kuliyeyusha donge?

Daktari wa Nyegezi alijibu:

Ndugu yangu, nianze na lile lisiloweza kusubiri. Mguu huo usichuliwe, usikandwe kwa maji ya moto, wala usichanjwe. Mzazi aliye ndani ya wiki sita baada ya kujifungua, tena kwa upasuaji, ambaye mguu wake mmoja umevimba ghafla na unauma, anapaswa kuchukuliwa kuwa ana donge la damu katika vena ya ndani ya mguu mpaka kipimo kioneshe vinginevyo. Mpelekeni hospitali ya wilaya hapo Nansio usiku huu, msisubiri meli ya asubuhi. Mwelezeni daktari wa zamu maneno haya haya uliyoyaandika hapa, na mkumbushe tarehe ya upasuaji. Akiridhika kwamba dalili ni nzito na kwamba hakuna hatari ya kutokwa na damu, anaweza kumwanzishia sindano ya kuzuia damu kuganda kabla hata ya utrasaundi, kisha safari ya kwenda Mwanza kwa kipimo ikafuata akiwa tayari amekingwa. Akianza kuhema kwa shida, akasikia kichomi anapovuta pumzi, akakohoa damu au akazimia, hiyo ni dharura ya kufa na kupona, kwa sababu huenda kipande cha donge kimekatika na kufika kwenye mapafu.

Mnaweza pia kumsaidia daktari kwa jambo dogo. Chukueni futi ya fundi cherehani, mpime mzunguko wa vigimbi vyote viwili, sentimita 10 chini ya kile kifupa kinachojitokeza mbele chini ya goti. Tofauti inayozidi sentimita 3 ni mojawapo ya dalili tunazozipa uzito mkubwa. Hata hivyo, tofauti ikiwa ndogo msirudi nyumbani kwa sababu hiyo.

Sasa nije kwenye swali lako kuhusu baba mdogo, kwa maana ni swali zuri kuliko unavyodhani. Damu inaweza kuganda katika mishipa ya aina mbili, na hayo ni magonjwa mawili tofauti hata kama watu huyaita kwa jina moja. Ateri huleta damu yenye oksijeni kutoka moyoni, na vena huirudisha. Fikiria shamba la mpunga: ukiziba mfereji unaoleta maji, shamba linakauka, ukiziba ule unaoyatoa, shamba linafurika. Mguu wa baba yako mdogo ulikauka, na wa mdogo wako umefurika. Ndiyo maana wa kwanza ulikuwa wa baridi na umepauka, na wa pili una joto na umevimba.

Katika ateri, donge mara nyingi huanzia mahali ambapo ukuta wa mshipa umechakaa kwa sababu ya presha, kisukari, sigara na mafuta yaliyojijenga ndani yake kwa miaka mingi. Au donge hutengenezwa ndani ya moyo wenye mapigo yasiyo na mpangilio, kisha hurushwa mbali na kwenda kukwama kwenye tundu jembamba. Likikwama kwenye ubongo huleta kiharusi, na likikwama mguuni huleta kile kilichompata baba yenu mdogo. Mshipa wa moyo wenyewe ukizibwa na donge, hilo ndilo shambulio la moyo. Hapa Kanda ya Ziwa bado tunawaona vijana ambao valvu za moyo ziliharibika baada ya kuugua koo utotoni bila kupata tiba kamili, na miaka mingi baadaye donge kutoka kwenye moyo huo huo likawaletea kiharusi wangali na nguvu za kuvuta kokoro. Mguu ulionyimwa damu ghafla hautoi nafasi ya kutafakari, kwa kuwa misuli huanza kufa ndani ya saa 6 hivi. Maumivu ya ghafla, mguu kupauka, kuwa wa baridi, kufa ganzi, kushindwa kusogea na mapigo kutosikika kwenye kifundo ni dalili za kukimbilia kwa daktari wa upasuaji, ambaye anaweza kupitisha mpira mwembamba wenye puto ndani ya ateri na kulivuta donge nje. Mtu akiwa kisiwani na ziwa limechafuka, saa hizo hupita upesi mno, nami simlaumu yeyote kwa yaliyotokea.

Katika vena, mambo ni mengine. Mjerumani Rudolf Virchow alieleza katika karne ya 19 mambo ambayo mpaka leo tunayafuata: damu inayokwenda polepole, ukuta wa mshipa uliojeruhiwa, na damu yenyewe kuwa na tabia ya kuganda upesi. Mdogo wako anayo yote matatu. Ujauzito huiandaa damu kuganda upesi ili mama asipoteze damu nyingi wakati wa kujifungua, na hali hiyo haiondoki siku mtoto anapozaliwa. Wiki sita za kwanza baada ya uzazi ndizo zenye hatari kubwa kuliko miezi yote ya mimba. Upasuaji umejeruhi mishipa ya nyonga. Halafu amelala muda mrefu, kisha amekaa kwenye meli kwa saa kadhaa. Hata upande wa kushoto si bahati mbaya tu: ndani ya nyonga, ateri iendayo mguu wa kulia hupita juu ya vena itokayo mguu wa kushoto na kuikandamiza, na kwa sababu hiyo madonge mengi ya wajawazito na wazazi huonekana kushoto.

Kuhusu ukoo, zipo kasoro za kurithi, kwa mfano upungufu wa protini C, protini S au antithrombini, na pia ugonjwa wa selimundu, ambao huku kwetu tunao kwa wingi, huongeza hatari. Lakini donge moja la ateri kwa mvuvi na donge moja la vena kwa mzazi aliyefanyiwa upasuaji halitoshi kusema ukoo una ugonjwa. Mwulizeni mama na shangazi zenu kama kuna mwanamke aliyewahi kuvimba mguu mmoja katika uzazi, au ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana, na jibu lolote mtakalolipata mlifikishe hospitali.

Mama wa Magu aliandika:

Ninamheshimu daktari na sina nia ya kubishana naye. Ila mimi ni mtu mzima, na nimewaona wanawake wengi waliovimba miguu baada ya kujifungua wakichuliwa kwa mafuta ya nyonyo na kupona, na tangawizi na kitunguu saumu vimewasaidia wengine kulainisha damu. Ninaomba wazee wasionekane kana kwamba wanawaua watoto wao. Tulifanya tulichokijua, na wengi walipona.

Daktari wa Nyegezi alijibu:

Shikamoo mama. Umesema kweli kwamba wengi walipona, na ni vema nieleze kwa nini. Wazazi wengi huvimba miguu yote miwili katika siku za kwanza kwa sababu ya maji ya mwilini na dripu walizowekewa, na uvimbe huo hauumi, unaacha shimo ukibonyeza, na hujiondokea wenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Huyo ukimchua kwa upole hutamdhuru, na atapona kama ambavyo angepona bila kuchuliwa. Matende nayo huukuza mguu taratibu kwa miaka. Huyu binti ni tofauti na wote hao: ni mguu mmoja, umevimba kwa siku mbili, una joto na unauma. Donge bichi la vena halijashika vizuri kwenye ukuta wa mshipa, na mkono unaosukuma kuelekea juu unaweza kulikata na kulisafirisha hadi moyoni na mapafuni. Ukilitazama jambo hili kwa makini, mama, utaona kwamba wazee kama wewe ndio wenye sauti ndani ya nyumba, na neno lenu la kumzuia mchuaji lina uzito kuliko langu.

Tangawizi na kitunguu saumu katika mboga havina tatizo. Hakuna kiasi chake kinachoweza kuyeyusha donge lililokwisha kujaza mshipa, na akianza dawa, kuvinywa kwa wingi kama tiba kunaweza kumwongezea hatari ya kutokwa na damu.

Mfamasia wa Kirumba aliandika:

Niongeze upande wa dawa, kwa sababu hapo ndipo ninapoona wagonjwa wakipotea hata baada ya kugunduliwa vizuri.

Watu hudhani dawa hizi zinayeyusha donge. Haziyeyushi. Zinalizuia lisikue na kuzuia jipya lisizaliwe, wakati mwili wenyewe unalivunja lililopo taratibu. Ndiyo maana tiba huchukua miezi isiyopungua mitatu hata kama mguu umekwisha kunywea. Zipo dawa za kuyeyusha kweli, lakini hizo huweza kusababisha damu kuvuja hata kwenye ubongo, kwa hiyo hutunzwa kwa ajili ya donge kubwa la mapafu linaloangusha presha, kwa baadhi ya mashambulio ya moyo, na kwa kiharusi kilichofikishwa hospitali ndani ya saa 4 na nusu, tena baada ya CT scan kuthibitisha kwamba ni donge na si mshipa uliopasuka. Kwa sababu hiyo hiyo, asipewe aspirini nyumbani mtu aliyepooza upande mmoja ghafla.

Kwa donge la vena, tiba mara nyingi huanza na sindano ya enoksaparini chini ya ngozi, ambayo kipimo chake cha kawaida ni miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 12. Kisha huja vidonge. Warfarini ndiyo ya bei nafuu zaidi, lakini inachukua siku kadhaa kufanya kazi, na katika siku zake za mwanzo inaweza hata kuifanya damu igande upesi zaidi. Kwa hiyo sindano haikomi siku kidonge kinapoanza. Viwili hivyo huenda pamoja kwa siku zisizopungua 5, mpaka kipimo cha INR, kinachoonesha damu inachukua muda gani kuganda, kifike 2. Nimeona wagonjwa wakiacha sindano mapema kwa sababu ya gharama, na ninawasihi wenye bima na wasio nayo wamwambie daktari ukweli wa mfuko wao kabla ya kukatisha dawa, kwa maana mara nyingi ipo njia nyingine. Vidonge vipya kama rivaroksabani havihitaji INR, ila ni ghali zaidi na haviwafai wote.

INR inatakiwa ibaki kati ya 2 na 3. Ikishuka, damu inaganda, ikipanda, inavuja. Vitu vya kawaida kabisa huivuruga. Flajili, Septrini na flukonazoli huipandisha. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha sana. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo huku mtu hununua dukani kama peremende, huongeza hatari ya kutokwa na damu tumboni. Kwa maumivu, paracetamol katika kipimo cha kawaida inatosha. Mchicha, matembele, kisamvu na unga wa mlonge vina vitamini K, ambayo hufanya kazi kinyume na warfarini. Msiziache mboga hizo. Kuleni kiasi kile kile wiki baada ya wiki, ili daktari apange dozi kulingana na chakula chenu cha kweli.

Kuna uvumi unaowafanya wagonjwa waitupe dawa hii, kwamba ni sumu ya panya. Ni kweli kwamba warfarini iliuzwa kwanza kama sumu ya panya, mwaka 1948, baada ya wanasayansi wa jimbo la Wisconsin, Marekani, kuchunguza kwa nini ng'ombe waliokula majani yaliyooza walikuwa wakifa kwa kuvuja damu. Katika miaka ya 1950 ikaanza kutumiwa kutibu binadamu, na mwaka 1955 Rais Dwight Eisenhower wa Marekani alipewa alipopata shambulio la moyo. Tofauti ya sumu na tiba ipo kwenye kipimo, na kipimo hicho ndicho tunachokifuatilia kwa INR.

Fundi wa Igoma aliandika:

Mimi si mtaalamu. Niligongwa na pikipiki nikawekwa plasta ndefu ya mguu, na baada ya wiki kadhaa nikaanza kuhema nikipanda ngazi. Kituo nilichokwenda kwanza kilinitibu nimonia. Nilipozimia msikitini ndipo nikapelekwa hospitali ya Bugando, wakaona donge kwenye mapafu. Ninachotaka kumwambia huyu kijana ni kwamba mguu wangu haukuwa na maumivu makubwa; uvimbe ulifichwa na plasta. Kwa hiyo asimpime mdogo wake kwa ukali wa maumivu. Na mtu yeyote mwenye plasta, au aliyelazwa, au anayekaa kwenye basi la Dar es Salaam tangu alfajiri hadi usiku baada ya upasuaji, achezeshe vifundo vyake vya miguu, anywe maji, na ashuke gari linaposimama. Mimi sikuelezwa hayo na mtu yeyote.

Kijana wa Nansio aliandika:

Ninawashukuru wote kwa moyo wangu wote. Nilimsomea mama mkwe majibu haya, hasa yale ya daktari kwa Mama wa Magu, na yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia mchuaji asije. Hospitali ya hapa walimchoma sindano usiku ule ule, tukavuka naye asubuhi akiwa amelala kwenye benchi ameinua mguu, na utrasaundi ya mishipa imeonesha donge kutoka kwenye paja hadi nyonga ya kushoto. Mapafu hayana dalili. Amelazwa, anaendelea na sindano, na jana ameanza warfarini.

Yamebaki maswali mawili. Shangazi anasema aache kunyonyesha kwa kuwa dawa itaingia kwenye maziwa na kumvujisha mtoto damu. Na mume wake anauliza kuhusu uzazi wa mpango na mimba zijazo.

Daktari wa Nyegezi alijibu:

Habari hii imenifurahisha sana. Aendelee kunyonyesha. Warfarini huingia kwenye maziwa kwa kiasi kidogo mno kisichomdhuru mtoto, na sindano ya enoksaparini vilevile ni salama. Rivaroksabani ndiyo tunayoepuka kwa anayenyonyesha, kwa hiyo akibadilishiwa dawa huko mbele, aseme kwamba ana mtoto wa kunyonya.

Kuhusu uzazi wa mpango, asitumie vidonge vyenye estrojeni, sasa wala baadaye, kwa kuwa vinaongeza uwezekano wa damu kuganda. Kitanzi au kipandikizi cha mkononi vinamfaa zaidi, na hili lishughulikiwe kabla hajatoka wodini, kwa sababu warfarini ikimkuta mwanamke mwenye mimba changa inaweza kuharibu pua na mifupa ya mtoto. Akichelewa hedhi akiwa bado anatumia dawa, aende hospitali wiki hiyo hiyo. Mimba nyingine anaweza kuibeba, ila aanze kliniki mapema na kueleza historia hii siku ya kwanza, kwani atahitaji sindano za kinga katika ujauzito na kwa wiki sita baada ya kujifungua. Sindano hizo hazivuki kondo la nyuma kumfikia mtoto.

Akiwa nyumbani, ameze kidonge saa ile ile kila jioni na atembee kadiri mguu unavyomruhusu. Arudi haraka akiona choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, fizi zinazovuja, damu ya uzazi kuongezeka ghafla, au akipata maumivu makali ya kichwa hasa baada ya kujigonga. Kabla hamjapanda meli ya kurudi, ulizeni kama hospitali ya Nansio inapima INR kwa sasa. Ikiwa haipimi, ni afadhali akae Buzuruga kwa wiki hizi za mwanzo, dozi inapotafutwa, kuliko kuvuka ziwa kila mara kwa ajili ya kipimo kimoja.